Mshono Uliopita Chini ya Kanga

"Hivi, Zamda, chuma nacho huugua homa?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Shufaa, zamani kidogo, alipokuwa amekaa eda ya mumewe. Walizungumza kupitia pengo la ua uliogawa nyumba zao mbili, huko Kondoa, upande wa bondeni ambako korongo hula ardhi kila masika. Zamda wakati huo alikuwa na sufuria jikoni na mume njiani. Akacheka.

"Kikiugua, kichemshie mwarobaini," alijibu, akarudi kwenye mboga yake.

Sasa jibu analo, na mume hayupo. Chuma huugua. Kina homa yake na kina baridi yake, na vyote viwili huua.

Mumewe, Abasi, alifia kwenye mteremko wa Bereko. Lori lake la haidrojeni lilikuwa linashuka na magunia ya alizeti, mtungi mmoja wa gesi nyuma ya kichwa cha lori ukaachana pale ulipounganishwa. Aliporudishwa nyumbani alikuwa ameshavishwa sanda, na wakubwa wakasema asifunuliwe. Zamda hakubishana nao. Aliingia ndani, akavaa nguo zake nyeupe zisizo na urembo, akakaa eda.

Watu walipokwisha kuondoka na turubai kukunjwa, kipanga cha posta kilishuka uani, kikazungusha mabawa yake ya plastiki na kuacha sanduku la Karakana, kiwanda kinachounga mitungi ile. Zamda alilijua. Kila mjane wa nchi ile alilijua.

Sheria ya mitungi ilitaka kila mshono wenye shaka uangaliwe na binadamu. Mashine ilikuwa hodari, lakini hakuna aliyetaka kuambiwa mahakamani kwamba mwanawe ameuawa na mtungi uliopitishwa na mashine peke yake. Karakana ikahangaika kutafuta watu wa kuangalia. Vijana walisinzia. Wengine walitazama moto huku wanachezea simu. Wazee macho yalitoa machozi. Ndipo mtu mmoja huko akakumbuka kwamba wapo wanawake wanaokaa ndani miezi minne na siku kumi, hawaendi sokoni wala harusini, hawajipaki wanja, hawana haraka ya kufika popote. Sanduku likaanza kuzunguka toka eda hadi eda. Ya mmoja ikiisha, kipanga hulichukua na kulipeleka kwa mwingine, na mwingine hakosekani.

Masheikh walikubali kwa sharti: kitu hicho kisiwe na uwezo wa kumtazama mwenye eda chumbani mwake, wala jina lake lisijulikane na wanaume wa Karakana. Ni sharti la heshima, na Karakana ililishika. Wenyewe walikiita Jicho, lakini jicho lake lote lilikuwa huko kiwandani, mbele ya moto. Huku kwa wajane lilipewa kioo cha kuonyeshea, na sikio.

*

Kazi yenyewe si ngumu. Ugumu wake ni kwamba haiishi.

Leza hupita juu ya ungio la mtungi, na pale inapogusa, chuma huyeyuka kikawa kidimbwi kidogo kuliko punje ya ulezi. Kidimbwi hutembea, na nyuma yake chuma huganda. Huo ndio mshono. Kamera moja hutazama umbo la kidimbwi. Nyingine hutazama joto lenyewe, ule mnururisho ambao macho hayauoni lakini kiganja huujua ukikisogeza jirani na jiko la mkaa lililokwisha kupoteza wekundu. Jicho hulipaka rangi joto hilo ili mtu aweze kulisoma: jeupe ndilo kali, kisha manjano, kisha jekundu, na zambarau ndiyo baridi. Mshono mzima huonekana kama nyota yenye mkia, kichwa cheupe na mkia unaofifia taratibu, bila kukatika.

Jicho lenyewe lingeweza kupitisha na kukataa karibu kila kitu. Kilichokuwa kinalishinda ni kimoja. Chuma kinapoyeyuka hutoa moshi, na moshi ukipita mbele ya kamera hukinga joto, likaonekana doa la zambarau. Na pale ambapo chuma hakikushikana ndani, mahali penye kishimo cha hewa au ubaridi, hapo napo huonekana doa la zambarau. Mashine ilisema vyote viwili ni giza. Mtu akitulia hutofautisha. Moshi hutangatanga kama mbuzi asiye na mwenyewe. Ubaridi hufuata mshono.

"Ukiona ubaridi, sema Simama," sauti ya mwanamke ilimfundisha Zamda kutoka kwenye kioo. "Ukiona ni moshi, usiseme neno. Kimya chako ni ridhaa yako."

Zamda alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Ndivyo hata yeye alivyoulizwa alipoposwa, ameinamisha kichwa juu ya mkeka, na shangazi akatoka kuwaambia wanaume barazani: amenyamaza, amekubali.

Basi akakaa. Asubuhi anafagia, anakunywa uji, anakaa mbele ya kioo. Mlio mdogo ukisikika, doa linakuja. Anatazama. Anasema, au ananyamaza. Binti yake Salha alikuwa Songea na watoto wake, akipiga simu kila Ijumaa, akiuliza kama amekula, na baada ya hapo maneno humwishia kila mtu upande wake. Nyumba ilikuwa kimya mpaka ungesikia mchwa darini. Kuna siku Zamda alisema "Simama" na kushtuka kwa sauti yake mwenyewe, kwa maana hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwake tangu alfajiri. Na kile kioo kikamjibu kwa adabu, "Mshono umesimamishwa," naye akajikuta anasema asante.

Mtu pekee aliyeingia kila siku alikuwa Mama Shufaa. Aliingia kwa mlango wa uani, bila hodi, bakuli kichwani, akianza kuzungumza kabla hajaonekana.

"Wewe. Unaswali mbele ya huyu?"

Ilikuwa mwanzoni mwa eda. Zamda alikuwa ndio anakunja msala. Nyuma yake kioo kilikuwa kinawaka manjano na nyeupe.

"Nifanyeje? Kuna kidude cha kupumzisha. Nikikibonyeza hawaniachi. 'Mwangalizi, umerudi? Mwangalizi, uko salama?' Hata sunna sijamaliza."

"Mfunike. Mimi eda yangu yote nilimfunika. Unamtupia kanga, analala, kama kasuku."

"Ulimwona amelala?"

"Kasuku nimemwona. Huyu ana akili gani ya kumshinda kasuku?" Mama Shufaa aliweka bakuli chini, akatoa kanga yake begani na kuitupia kioo. Mwanga ukapotea. Mlio, ambao ulikuwa mdogo tangu mwanzo, ukamezwa na nguo. "Umeona? Sasa swali na Mola wako, mdogo wangu. Chuma kitangoja."

Zamda hakuona ubaya. Kioo cha kabati nacho kilikuwa kimefunikwa tangu siku ya msiba, kama desturi. Kufunika cha pili hakukumsumbua. Toka siku hiyo, muadhini akiinua sauti, yeye huchukua kanga, hulifunika Jicho, na kuelekea kibla na moyo uliotulia.

*

Mhandisi Ndahani wa Karakana alifika mchana mmoja, eda ikiwa imesonga, vumbi la Dodoma likiwa bado kwenye viatu vyake. Alikaa barazani. Zamda akakaa ndani, pazia la dirisha katikati yao, kama inavyotakiwa. Kwa ajili ya mgeni alikuwa amelifunika Jicho, ili lisiwake wakati watu wanazungumza msiba.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Umekuja na habari gani?"

Ndahani alikuwa na sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, asiyependa kuzunguka. Akaeleza kwamba mfiwa ana haki ya kuonyeshwa chanzo cha kifo kabla taarifa haijafungwa, na kwamba yeye ndiye anayeiandika. Mtungi ulikuwa na ubaridi kwenye mshono. Jicho lilishuku, likauonyesha. Mwangalizi hakusema kitu.

"Naweza kukupitishia picha yake chini ya pazia," alisema. "Ila ni rangi rangi tu, mama. Nitakueleza moja moja."

"Usijisumbue. Rangi nazijua."

"Una Jicho ndani?"

"Ninalo."

"Basi sikupaswa kuja kwako," alisema Ndahani polepole. "Mwangalizi haruhusiwi kuonyeshwa makosa ya mwenzake." Kiti kililia. Zamda alidhani anaondoka. Kisha kioo kidogo, ukubwa wa kiganja, kikasukumwa chini ya pazia. "Lakini wewe ni mfiwa kwanza. Kina na sauti. Jicho husikiliza chumba, na tangu ajali tumefungua sauti ya siku ile. Jina la mwangalizi hatulijui. Tunajua tu kwamba alikuwepo."

Zamda alikishika kwa mikono miwili. Nyota yenye mkia ikaanza kutembea. Na kutoka ndani yake, kwa mbali, ikaja sauti ya mwanamke anayeswali. Alikuwa anasoma kwa kunong'ona, kama wanawake wanavyosoma nyumbani, herufi zikisikika na maneno yakijificha. Nyota ilitembea. Doa la zambarau likatokea mkiani. Zamda akalitazama, akalisubiri litangatange. Halikutangatanga. Lilifuata mshono, likaongezeka, likafuata tena. Sauti ya mwanamke ikatoa salamu kuume na kushoto, ikakohoa kikohozi kikavu mara mbili, ikasema, "Ya Rabbi, tusitiri waja wako."

Zamda aliijua dua ile, na alikijua kikohozi. Alikuwa amekisikia jana yake, hapo hapo alipokaa.

Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye nyota, na mdomo wake, uliozoea kazi, ukatangulia akili.

"Simama," alisema.

Nyota haikusimama. Ilikuwa imekwisha kupita tangu zamani, na Abasi nyuma yake.

Kutoka kona ya chumba, chini ya kanga, sauti ile ya adabu ikajibu: "Mshono umesimamishwa."

Zamda aliinuka, akaenda kwenye kona, akaivuta kanga. Jicho lilikuwa macho. Nyota ilikuwa inatembea juu yake, doa likawaka, likasubiri pumzi chache, likapita. Jingine likaja. Likasubiri. Yeye alikuwa ameduwaa, hakusema kitu. Likapita na hilo.

"Simama," alisema kwa haraka, bila hata kutazama. "Simama. Simama."

Akakitafuta kidude cha kupumzisha, akakibonyeza. Kioo kikawa cheusi.

"Mama," Ndahani aliita kutoka barazani, kwa sauti ya chini. "Ukienda kuswali, Jicho huwa unalifanyaje?"

Zamda alirudi akakaa. Kanga ilikuwa bado mkononi mwake. Alifikiria eda yake yote, kila adhana, na nyota zote zilizopita chini ya nguo ile huku yeye akiinama na kuinuka, akimwombea Abasi kaburi lenye nafasi. Ni ngapi? Hakujua. Ziko wapi? Ziko nyuma ya vichwa vya lori, zinapanda na kushuka.

"Nitakueleza ilivyo kwangu," Ndahani alisema. "Nikiandika kwamba mwangalizi mmoja alizembea, tutatafuta mitungi aliyopitisha yeye tu. Nikiandika kwamba ni mazoea, wengi wanafanya hivyo, basi kila mtungi uliopita saa za swala utolewe barabarani. Lori zitalala nchi nzima. Wakubwa hawatakubali jambo hilo kwa neno la mtu mmoja. Wanataka wawili, na mmoja wao awe huyu mwenye sauti hii."

"Na huyo mwenye sauti, atafanywa nini?"

"Sheria inamwita shahidi. Shahidi akipitisha mauti, hujibu. Nitasema hakufundishwa vizuri. Hatukuwaambia kwamba Jicho halilali. Hilo ni kosa letu, na nitaliandika. Kama watanisikiliza, sikuahidi."

Zamda alinyamaza.

"Mimi siyo Jicho, mama," alisema Ndahani, akiinuka. "Kimya chako sikihesabu kuwa ni ndiyo wala hapana. Nalala mjini leo. Nitapita asubuhi, halafu nakwenda kuitia sahihi taarifa, vyovyote itakavyokuwa."

*

Jua lilikuwa linaelekea kuchwa Mama Shufaa alipoingia na bakuli lake.

"Leo mlenda umekubali kuvutika. Siku nyingine unakataa kama mtoto wa shule. Ugali ni wa uwele, usiniambie huna hamu, hamu siyo mgeni, huja njaa ikikaa." Akaketi mkekani, akafunua, akanawisha. Kisha akatazama kona. "Mbona amezimwa?"

"Nimempumzisha."

"Hawajakuhoji?"

"Wamenihoji. Sijawajibu."

Mama Shufaa alikata tonge, akalichovya, hakulila. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye uso wa kucheka, na uso huo ukianza kutulia mtu huogopa. "Nimeona mwanamume ametoka barazani kwako. Wa serikali?"

"Wa Karakana. Amekuja na mshono wa Abasi."

"Masikini Abasi. Mungu amrehemu."

"Mshono huo una sauti ndani yake. Mwangalizi alikuwa anaswali." Zamda alimtazama jirani yake, akaona heri aseme yote kabla moyo haujageuka. "Mama Shufaa, ni wewe."

Tonge lilirudi kwenye bakuli.

"Sauti za wanawake wakiswali zote moja," alisema Mama Shufaa.

"Kikohozi je? Na dua yako je?"

"Nchi hii ina wanawake wangapi wanaokohoa?"

"Mama Shufaa."

Yule mwanamke alikaa na mikono yake miwili juu ya magoti, vidole vina mlenda, kama mtu aliyesahau kuwa ni vyake. Nje kuku walikuwa wanapanda kulala, wanagombea nafasi. Aliposema tena, sauti ilikuwa imekonda.

"Siku hiyo nilikuwa naswali nini?"

"Sijui. Laasiri, pengine."

"Nilikuwa namwombea marehemu wangu. Kila laasiri nilikuwa namwombea, nachelewa kuinuka." Akatikisa kichwa. "Alilala, Zamda. Nilimfunika, akalala. Wallahi nilidhani amelala."

"Halali. Leo nilikuwa nimemfunika, nikasema neno, akanijibu chini ya kanga. Hata mimi nimepitisha. Eda nzima."

"Basi tuko wawili."

"Ndivyo anavyotaka yule mhandisi. Wawili. Anasema tukisema wawili, mitungi yote ya saa za swala itatolewa barabarani."

Mama Shufaa alielewa. Alielewa upesi kuliko Zamda alivyotarajia, na hofu ikamjia usoni kama maji kwenye mchanga. "Wewe umepitisha na hakuna aliyekufa. Aliyekufa ni wa kwangu. Nikifungua mdomo, mimi ndiye nimemuua mumeo. Watanifunga. Shufaa ndiyo kwanza amepata shule ya kufundisha, atasimama vipi mbele ya watoto wa watu, mama yake yuko gerezani kwa kuua?"

"Mhandisi amesema atawaambia hatukufundishwa."

"Amekuahidi?"

Zamda hakuweza kusema uongo. "Hapana."

"Basi." Mama Shufaa alinawa mikono, akaipangusa kwa upindo wa kanga, taratibu, kila kidole. "Sikiliza, mdogo wangu. Abasi amekwenda, harudi. Mimi nipo. Nani anakuletea maji? Salha yuko Songea. Ndugu wa mumeo walikuja wakala pilau ya hitima wakaondoka. Eda ikiisha utatoka nje, utamkuta nani uani? Sema ya kwako, kama roho inakusumbua. Sema umefunika. Ya kwangu iache."

"Neno la mmoja hawalipokei."

"Hilo ni lao na Mungu wao."

"Lori ziko njiani, dada."

"Siku zote lori ziko njiani."

Zamda aliangalia chakula kikipoa. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa. Huyu ndiye aliyemwosha miguu siku ya msiba ilipokufa ganzi. Huyu ndiye aliyelala naye wiki ya kwanza, mkeka kwa mkeka, akikoroma, na kukoroma kwake ndiko kulikomfanya Zamda apate usingizi.

"Abasi ni wangu," alisema mwishowe. "Na mimi, kwa upande wangu, nimekusamehe. Mungu ni shahidi, hata kesho mbele yake sitakudai. Lakini barabara siyo yangu. Siwezi kukusamehe kwa niaba ya wanawake wenye waume huko njiani. Njoo asubuhi. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukisema mwenyewe ni bora kwako hapa na huko tuendako."

Muadhini akaanza. Wote wawili wakainuka, kwa mazoea, wakatandika misala yao miwili ubavu kwa ubavu. Jicho lilikuwa jeusi kwenye kona. Zamda alijaribu kuusikiliza moyo wake katika sijda, lakini alichokisikia kilikuwa kikohozi kikavu cha jirani yake, na akajua hatakisikia tena bila kuona ile nyota.

*

Asubuhi Mama Shufaa alikuja. Zamda alimshukuru Mungu kimoyomoyo alipomwona anaingia kwa mlango wa uani, amevaa baibui lake la safari, amejitanda vizuri. Hakuleta bakuli. Alikaa mkekani ukutani, mbali kidogo na dirisha, akaitikia salamu kwa kichwa.

Ndahani alibisha hodi barazani, akakaa, akauliza hali ya kuamka. Zamda akamjibu. Kisha, bila kungoja aulizwe, akasema ya kwake.

"Nikienda kuswali hulifunika Jicho kwa kanga. Sikujua kama linaendelea. Nimefanya hivyo tangu mwanzo wa eda. Hilo ndilo neno langu, na jina langu liandike, sitaki kusitiriwa."

Kalamu ya Ndahani ilisikika ikikwaruza. "Ahsante, mama. Nani alikufundisha kufunika?"

Zamda alimgeukia Mama Shufaa. Alimwinulia uso tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Ndiyo zamu yako.

Mama Shufaa alitazama mkeka.

"Mama?" Ndahani aliita.

Barabarani lori lilikuwa linapandisha gia kuelekea Kolo, ule mlio mwembamba wa haidrojeni, kama birika lililo mbali. Mama Shufaa aliusikia pia. Aliinua macho, yamejaa maji, akamtazama Zamda na kutikisa kichwa polepole: hapana. Kisha akaweka kiganja kifuani pake na kukinyoosha kwa Zamda, kama maskini anavyoomba. Alikuwa hajawahi kumwomba kitu. Siku zote yeye ndiye aliyetoa.

"Kama hakuna mwingine," alisema Ndahani, na uchovu ukasikika, "nitaandika hilo lako lilivyo. Nitajaribu. Lakini nakuambia ukweli, mama, la mtu mmoja wataliweka pembeni."

Zamda alitaka mtu amwonyeshe doa na kumwambia hili ni moshi, hili ni ubaridi. Hapakuwa na mtu. Alijua akinyamaza pumzi chache tu, jambo litapita, na jioni bakuli litakuja, na mlenda, na maneno yanayoanza kabla mtu hajaonekana. Alijua pia kwamba atakaa na bakuli hilo kila jioni ya maisha yake akihesabu lori kwa masikio.

"Yupo," alisema.

Mama Shufaa aliuteremsha mkono.

"Ile sauti uliyonisikilizisha ni ya jirani yangu. Jina lake ni Maimuna binti Ijengo, tunamwita Mama Shufaa. Alifunika kama nilivyofunika mimi, akidhani linalala. Hakusinzia wala hakupuuza. Alikuwa anaswali. Mimi ndiye mke wa marehemu, na nasema mbele ya Mungu simdai chochote. Liandike hilo kwanza, kabla hujaandika jina. Na yupo hapa ndani, karibu yangu. Kama unataka kumuuliza, muulize."

Nje kalamu ilisimama. Ndahani akavuta pumzi. "Shikamoo, mama Maimuna," alisema, kwa upole, kupitia pazia. "Ni kweli?"

Mama Shufaa aliinuka. Ilimchukua muda, kwa ajili ya magoti. Alikusanya upindo wa baibui, akauweka sawa kichwani. Alimtazama Zamda kama mtu anavyotazama nyumba aliyowahi kupanga zamani, akitafuta dirisha lake. "Ni kweli," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barazani.

"Mama Shufaa," Zamda aliita. "Dada."

Yule mwanamke akapita katikati ya chumba, akavuka kizingiti cha uani, akatoka bila neno jingine, na mlango ukabaki wazi nyuma yake.